Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Dada Sindano,

Mimi ni mzima kuliko wateja wangu, jambo ambalo ni la lazima katika biashara hii. Salamu zangu ni ndefu kama foleni ya leo, na foleni ya leo imefika hadi kwa fundi cherehani jirani, mpaka fundi mwenyewe katoka nje kuuliza kama kuna kitu kinagawiwa bure. Nikamwambia: hapa tunagawa migongo mipya, lete wa zamani.

Usinune. Najua umeshanuna.

Nimepata chumba kikubwa. Kile cha nyuma ya duka la vipuri, ambacho mteja akinyoosha miguu anapiga teke ukuta na jirani anaitika "karibu", nimekiaga. Hiki kina madirisha mawili, sakafu ya saruji nyekundu, na pazia linaloning'inia kwenye waya badala ya misumari. Vitanda viwili vimeshafika, cha tatu kinachongwa. Pembeni amesimama Babu Pingili, yule mtu wa mifupa ya plastiki niliyerudi naye kutoka ng'ambo nikimpakata melini kama bibi harusi. Watoto wa mtaa wanamwamkia shikamoo.

Dada, mimi niliyeacha shule nikiwa sijaelewana na hesabu za sehemu, leo wananijia makarani wa benki! Nimekanda wapagazi wa bandari tatu, nimekanda timu mbili za mpira zilizokuwa haziongei, nimekanda mke wa balozi mmoja ambaye simtaji kwa heshima ya mgongo wake. Na kanuni yangu ni ile ile: simgusi mtu kabla sijamwona akivua viatu. Mdomo unaweza kunidanganya, hata uso unaweza, lakini mtu akiinama kuvua viatu mgongo wake unamsengenya. Kuna anayetafuta kiti kwanza. Kuna anayekanyaga kisigino cha kiatu kwa kiatu kingine. Kuna anayemtazama mkewe. Hapo nusu ya habari ninayo.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Chumba nakifungua rasmi Jumamosi ya kwanza ya Juni. Kitanda cha dirishani hakijalaliwa na mtu. Nimekitandika shuka jeupe, mke wangu kashona ua pembeni, na mteja akikielekea namgeuza kama askari wa barabarani. Ni chako. Wewe uliyenilea tangu mama alipofariki, uliyeuza cherehani yake ili nipate sare ya shule ambayo niliikimbia nayo, na ambaye miaka yote hii unawaambia watu kwamba mdogo wako "anajihusisha na mambo ya michezo". Nataka uje, ulale hapo mbele ya watu wote, ukiinuka useme neno moja: hii ni kazi. Siombi useme udaktari. Kazi.

Wakubwa wa mji wasipokuja, shauri yao. Usipokuja wewe, kitanda hicho kitabaki na shuka lake mpaka panya wazae humo.

Mdogo wako,
Bingwa wa Uti wa Mgongo
(ndivyo ilivyoandikwa juu ya mlango pia, kwa rangi ya njano)


Jumatano, 12 Machi

Mdogo wangu Mdomo,

Barua nimeichukua ofisi ya vifurushi. Inanuka mafuta ya kukandia, mwenye ofisi kaishika kwa ncha za vidole. Asante kwa kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe huongei, unamwagika. Kwenye karatasi walau unafika mwisho.

Hongera kwa chumba. Nasema kwa moyo, ila usiikate sentensi hiyo ukaibandika ukutani.

Sijawahi kusema kukanda ni upuuzi. Nimemwona kwa macho yangu mzee aliyekandwa vizuri akapata usingizi ambao vidonge vyangu vilishindwa kumpa. Ninachoogopa ni mdomo wako. Mikono yako ina akili, lakini mdomo wako hauna mwalimu, na utamkaribisha mtu kabla mikono haijashtuka. Wodini kwangu alifika bwana mmoja aliyeingia kwa bingwa wa namna yako kwa miguu yake, akatoka kwa machela.

Ukitaka nikuheshimu, chora ukutani kwa hiyo rangi yako ya njano: aliyeanguka au kupata ajali, mwenye homa, au anayekonda bila sababu, mwenye miguu inayokufa ganzi au kukosa nguvu, na anayeshindwa kuzuia haja. Hao usiwaguse hata kwa kucha. Waende hospitali, siku hiyo hiyo.

Kuhusu Juni usinitegemee, zamu ni nyingi. Isitoshe sina shida ya mgongo, namshukuru Mungu. Miguu tu ndiyo inachoka. Hata vile viatu vyangu vyeupe vya kamba nimeviweka uvunguni, siku hizi naingia wodini na ndara za mpira kama mtu anayekwenda kuoga. Uzee huo.

Msalimie wifi yangu. Mwambie ua la shuka nimelipenda kabla sijaliona.

Dada yako,
Sindano


Jumatano, 2 Aprili

Dada Sindano, mama wa sindano zote,

Ukuta umechorwa! Mchora mabango kaandika maneno yako kwa herufi kubwa kama milango, na chini yake nikamwambia aongeze: KWA AMRI YA DADA. Sasa watu wanaingia wanasoma wanauliza, "Dada gani?" Nawajibu kwa sauti ya chini, wanaogopa, wanajibu ukweli. Tayari nimemrudisha fundi seremala aliyeanguka kutoka darini. Kanitukana njia nzima ya kwenda hospitali. Leo kaniletea kigoda.

Na habari kubwa zaidi: utajiri umenipata, dada, na haukubisha hodi.

Alikuja bwana mmoja mwenye suti ya buluu na viatu vya ncha. Hata kuvua viatu hakuvua, nikamsamehe. Kwenye gari lake makopo yamejaa mpaka kwenye kiti cha mbele yamefungwa mkanda. Ni unga wa virutubisho, unaitwa Nguvu ya Faru. Madini, majani, mizizi, vitamini zote hadi zile ambazo bado hazijapewa herufi. Ananiambia, "Bingwa, wewe unanyoosha mifupa kwa nje, sisi tunainyoosha kwa ndani. Tukutane katikati." Maneno matamu yale! Kila mteja nikimwambia hapati nafuu bila kopo, yeye analipia kitanda cha tatu, rangi, na sherehe ya Juni pamoja na spika. Na mimi nitaitwa Balozi wa Dhahabu. Nina beji.

Najua utasema nini. Kwa hiyo nimejiwekea sharti la mpishi: simpi mtu nisichokionja. Kuanzia leo nakunywa mimi, asubuhi na jioni, vijiko vilivyojaa. Kifurushi hiki kina makopo mawili yako, kwa ajili ya hiyo miguu inayochoka.

Mdogo wako,
Bingwa (na Balozi)


Jumatano, 9 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mdogo wako hajui kama naandika, na akijua nitasema wewe ndiye uliyeniroga.

Unga ule unamwendesha. Sisemi zaidi, wewe ni muuguzi. Juzi alikuwa na dereva wa lori kitandani, kamlaza kifudifudi, kamshika mabega, mara nikamwona anakunja uso kama mtu anayekumbuka jambo. Kamwambia dereva, "Usitikisike, nakwenda kuwasiliana na pingili kwa mbali," akatoka mbio hadi chooni uani. Dereva kajilalia usingizi. Alipoamka kasema hajawahi kutibiwa vizuri namna ile, na kesho yake kaleta wenzake wawili wanaotaka hiyo ya mbali.

Wifi, yeye anajitahidi kutabasamu na beji yake kifuani, lakini kapungua mpaka suruali anaishika kwa mkono. Nikimwambia aache ananijibu kwamba hayo ni maradhi yanatoka mwilini kwa foleni. Makopo yako chini ya kitanda chetu, nalala juu yake kama kuku juu ya mayai. Kwa wateja bado hajauza hata moja, namshukuru Mungu. Nimebandua karatasi ya kopo moja, hii hapa. Isome, umwandikie. Mimi ananipenda, wewe anakuogopa.

Wifi yako


Jumanne, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Naandika kifupi, mkono umechoka. Usijali penseli, kalamu imekwisha wino.

Nasikia una shughuli nyingi za uani. Nani kaniambia hayakuhusu, mji hauna siri. Acha unga leo. Kunywa maji yenye chumvi kidogo na sukari, kula ndizi, na uombe radhi tumbo lako.

Karatasi ya kopo nimeisoma mara mbili. Inasema unga unatibu mgongo, sukari, presha, utasa, upara na woga. Haisemi ndani kuna nini, kiasi gani, wala nani asiutumie. Dawa inayotibu kila mtu haijawahi kukutana na mgonjwa. Usidhani naichukia lishe. Kila siku nawapa wajawazito vidonge vya kuongeza damu, na kuna wazee nimewaona wakiinuka kwa sababu tu mtu aligundua mwili wao umepungukiwa kitu gani. Lakini sisi tunapima kwanza, ndipo tunatoa. Wewe mwenyewe humgusi mtu mpaka avue viatu! Huyo bwana anampa kopo mtu ambaye hajamwona hata soksi.

Fikiria hilo. Mimi niko salama.

Sindano


Jumanne, 22 Aprili

Dada,

Tumbo limenisamehe. Beji nimeirudisha.

Alikuja mwenyewe kuulizia mauzo. Nikamtolea makopo yote nje, nikayapanga mlangoni kama askari wa gwaride.

"Bingwa, kopo likishaondoka ghalani halirudi," akasema.

"Basi lipokee kama zawadi, nimekuzoea."

"Kwa hiyo unakataa dhahabu?"

"Nimeionja. Haikai tumboni."

Foleni ikaangua kicheko. Akakasirika, akanyoosha kidole. "Wewe utakufa maskini!"

"Nitakufa nimenyooka," nikamwambia, na dada, hata mimi nilishangaa neno lile limetoka wapi. Fundi cherehani anataka kulitarizi kwenye kitambaa.

Kitanda cha tatu kimeondoka naye, miguu juu, juu ya gari. Spika nazo zimekufa. Nimebaki na vitanda viwili na kimoja hakilaliwi. Mke wangu anasema mimi ndiye mfanyabiashara pekee duniani aliyeipa nusu ya duka likizo. Lakini shuka sitoi.

Haya, yangu yamekwisha. Sasa tuje kwako.

"Kalamu imekwisha wino." Dada, wewe hujawahi kuishiwa wino tangu nizaliwe, unatembea na kalamu tatu kama waziri. Barua ya penseli, mistari inapanda upande mmoja, herufi nyepesi kama zimeandikwa na kuku mgonjwa. Mimi barua za namna hiyo nazijua. Wateja wangu waliolazwa wananiandikia hivyo hivyo, maana mtu akilala chali akishika karatasi juu ya uso wake, kalamu ya wino inakauka, wino haupandi mlima. Penseli peke yake ndiyo inayokubali. Wewe umeniandikia umelala chali.

Ndipo nikaikumbuka ndara. Mwanamke aliyepiga kiwi viatu vyake vyeupe kila asubuhi hata siku ya msiba, leo kaviweka uvunguni eti miguu inachoka! Miguu ikichoka mtu anatafuta kiatu kizuri. Anayekimbia kamba ni yule asiyeweza kuinama kuifunga. Uliniandikia mwezi wa tatu ukivua viatu mbele ya macho yangu, na mimi bingwa mzima nilikuwa natazama makopo.

Tangu lini? Uko na nani hapo ndani? Unapikiwa na nani?

Na sasa jibu kwa amri ya dada, ukuta wako mwenyewe: umeanguka? Una homa, umekonda? Miguu ina ganzi? Haja unazuia? Nenda upimwe. Usiponiletea majibu sikugusi, hata ukija unalia, na unajua nakupenda kuliko kazi yangu, na kazi yangu naipenda kuliko chakula.

Mdogo wako


Jumatano, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Usicheke.

Mimi ndiye ninayefundisha wauguzi wapya kumwinua mgonjwa. Mnakuwa wawili, mnakunja magoti, hampindi kiuno. Mwezi wa pili nikamwinua mama mmoja mzito peke yangu, kwa sababu mwenzangu alikuwa amekwenda kunywa chai na mimi sina subira. Nikasikia kiuno kimekamatwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikafanya kazi hivyo hivyo, nimejifunga kitambaa ndani ya sare. Katikati ya Aprili asubuhi moja sikuinuka. Kazini wanajua nina malaria. Jirani ananiletea uji na kunitazama kama marehemu. Ningemwambia nani? Wote wale nimewagombeza kuhusu magoti. Na wewe, niliyekwambia huna mwalimu?

Barua yako ilipofika niliisoma, nikageuka nikatazama ukuta. Kesho yake nikaita gari, nikaenda. Daktari ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika sindano. Kaniuliza maswali yale yale ya ukutani kwako, nikataka kucheka, mgongo ukanikataza. Majibu ni hapana, hapana, hapana, na hapana. Kanipima miguu, kanigonga magoti, kapiga picha. Hakuna kilichovunjika. Anasema misuli imekasirika na mimi nimeizidishia hasira kwa kulala, na kwamba dawa kubwa ni kutembea.

Hakusema nitembee vipi, nje kulikuwa na watu wengi wanamsubiri. Anaogopa kupotezewa muda, kama mimi. Wewe una muda.

Basi niambie, bingwa. Nifanye nini?

Dada yako


Jumanne, 6 Mei

Dada yangu,

Nilicheka mara moja tu, nikachekea uani. Nikarudi nikalia kidogo, nikanawa. Sasa tuko kazini.

Asubuhi usiinuke kama askari aliyesikia filimbi. Geukia ubavu, shusha miguu kwanza, halafu mkono uusukume mwili. Ukichoka lala sakafuni juu ya mkeka, mashavu ya miguu uyaweke juu ya kiti, pumua taratibu, acha kiuno kishuke chenyewe. Kitambaa cha moto kinasaidia, ila kisikuunguze. Kisha tembea. Leo hadi mlangoni, kesho hadi getini, na ukifika getini usigeuke haraka, simama uwaseme wapita njia, hiyo kazi unaiweza. Maumivu ya kubweka usiyaogope. Lakini yakishuka mguuni na ganzi, huyo mbwa ameshauma, rudi kwa yule kijana wako siku hiyo hiyo.

Natamani nije leo. Siji, kwa sababu nikija nitakubeba, na wewe ukibebwa utanichukia mpaka kaburini. Namtuma mke wangu. Hana mikono ya kukanda, ila ana ulimi wa kumtoa mtu kitandani, mimi ni shahidi.

Na kuhusu Juni nabadili sharti. Sitaki uje kunifurahisha. Hutalala kwenye kitanda cha dirishani ukiwa umeshikwa mkono na mtu. Utaingia kwa miguu yako na utavua viatu vyako mwenyewe, vile vya kamba. Ukishindwa, kitanda kinasubiri Juni ijayo, na nyingine. Mimi nina duka nusu na moyo mzima.

Mdogo wako


Jumatatu, 19 Mei

Baba watoto,

Nimefika salama, na nimeshagombezwa tangu kizingitini kwamba nimepanga sufuria vibaya. Nikajua huyu hafi.

Siku za kwanza alikuwa anatembea kama bata aliyeazima viatu vya jirani, ananishika bega, ananikaripia kwamba bega langu liko chini. Nikamwambia, "Wifi, ulichelewa kuagiza, marefu yamekwisha." Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia ni mara ya kwanza anacheka tangu mwezi wa pili na hakuumia.

Juzi alifika getini. Jana kafika dukani, kaligombeza duka zima kwa kuuza dawa za antibiotiki kama peremende, karudi mwenyewe bila bega langu. Leo nimemkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kile kiatu cheupe mkononi, anakitazama kama mtu anayetazama picha ya mchumba wa zamani. Nilipoingia kakificha.

Amenikataza kukwambia. Kwa hiyo hujaambiwa.

Mkeo


Jumanne, 27 Mei

Mdogo wangu,

Nitajaribu. Usitangaze.

Sindano


Jumatatu, 9 Juni

Dada Sindano,

Nilitangaza. Samahani. Nilizunguka mtaa mzima na kipaza sauti cha mtu wa matangazo ya mpira, ndiyo maana ulikuta watu mpaka juu ya ukuta.

Najua ulikuwepo, lakini kuna mambo hukuyaona, maana sehemu tamu yote ulikuwa umelala kifudifudi. Acha nikusimulie sherehe yako.

Uliposhuka kwenye gari umevaa sare yako nyeupe, fundi cherehani alininong'oneza, "Kumbe Dada ni mtu? Nilidhani ni idara." Ulipofika kwenye ukuta uliochorwa ukasimama ukausoma wote, ukasahihisha kimoyomoyo, nikakuona. Halafu watu wakakupisha njia. Hakuna aliyewaambia. Mtaa ule haujawahi kupisha hata gari la wagonjwa.

Seremala aliwahi na kigoda chake, nikamzuia kwa jicho. Mke wangu alikuwa anauma kona ya kitambaa. Ukasimama katikati ya sakafu nyekundu, ukakunja magoti kama unavyowafundisha wenzako, mgongo umenyooka kama rula, ukashuka. Ukafungua kamba ya kushoto. Ukafungua ya kulia. Hukuushika ukuta wala kumtazama mtu. Ukainuka na viatu vyako mkononi, vimepigwa kiwi vinawaka, ukanikabidhi kama mtu anayekabidhi kombe.

Dada, mimi nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandika pande mbili. Ilikuwa na maneno "wageni waalikwa". Iliyeyuka yote.

Ukalala. Ukasema na mto: "Fanya kazi, watu wana shughuli zao." Nikaanza. Mikono yangu hii imeshika migongo ya bandari tatu, lakini wako niliuanza kama mwanafunzi. Nilikuta pale kiunoni upande wa kulia bado pamekaza kidogo, nikapazungumzisha polepole, pakaitikia. Sikukulazimisha kitu, ulisikia mwenyewe. Na ukauliza, "Maji gani haya?" Nikakujibu ni mafuta, yamemwagika. Ni mafuta, dada. Chupa ilikuwa imejaa sana.

Ambacho hukukijua ni hiki: yule bwana wa suti ya buluu alikuwa mlangoni. Kaja kimya kimya, kashika kiuno, makopo yamemvunja kwa kuyabeba. Ndiye yule uliyemuuliza maswali ya ukutani ulipoinuka na kukaa kwenye kigoda cha seremala bila kuombwa. Akasema miguu inakufa ganzi. Watu wakaanza kumzomea, na wewe ukawatazama, wakameza. Ukamwandikia karatasi ya hospitali kwa mkono wako, ukamwambia, "Leo. Si kesho." Kaenda. Jana kapiga simu, wamempokea mapema na anatibiwa. Kasema anakuamkia.

Na ulipoinuka kitandani ulisema. Nilitaka neno moja, ukatoa zaidi. "Hii ni kazi. Na huyu ni mdogo wangu." Ule mlio uliousikia haukuwa makofi tu, Babu Pingili alianguka kwa kukumbatiwa na watu.

Sasa foleni imepita kwa fundi cherehani, imepita kwenye duka la vipuri. Mwenye nyumba ananipa chumba cha pili. Lakini kitanda cha dirishani hakuna aliyekigusa tena. Shuka liko vile vile, na alama ya mwili wako. Napita nalitazama.

Mdogo wako,
Bingwa


Jumatatu, 16 Juni

Mdogo wangu Bingwa,

Naandika kwa wino. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya dawa, viatu viko miguuni na kamba nimezifunga mwenyewe.

Nimerudi kazini. Niliwaita wauguzi wote nikawaeleza malaria yangu ilikuwa ya namna gani. Walicheka, nikawaacha wacheke, halafu nikawaambia wainuane wawili wawili mpaka wakachoka. Wananiuliza mdogo wangu anafanya kazi gani. Nimewaambia: anatibu migongo, na anajua mahali pa kuishia. Wawili watakuja kwako Jumamosi. Mmoja anavua viatu kwa kukanyaga kisigino, mwangalie vizuri.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja na mimi. Nitakaa kwenye kile kigoda, mlangoni, niwaulize watu maswali kabla hawajakufikia. Usinilipe, nipe chai. Wewe endelea kunyamaza na kukanda, umeona mikono inavyofika mbali mdomo ukifungwa.

Kitanda cha dirishani usikigeuze makumbusho. Fua shuka, laza watu.

Na yale mafuta yaliyomwagika mgongoni kwangu. Mimi nimekulea, mdogo wangu. Mafuta hayavuti kamasi.

Dada yako,
Sindano